Mweupe Si Mzuri: Taa, Anemoni na Umeme wa Kidatu

Mgeni akifika Kidatu huonyeshwa vitu vitatu: miwa, mlima na nguzo. Miwa ni ya kiwanda cha sukari. Mlima ni Udzungwa. Nguzo ni zile ndefu za chuma zenye kubeba umeme wa kilovolti 220 kutoka kwenye mitambo iliyochimbiwa ndani ya mwamba, zikakatiza mabonde kwenda Morogoro na hatimaye Ubungo, Dar es Salaam, mwendo wa takribani kilomita 300. Mashine za kwanza ziliwashwa mwaka 1975. Kufikia 1980 zilikuwa nne, kila moja ya megawati 51, jumla 204, na hadi lilipoanza kuzalisha Bwawa la Julius Nyerere mwaka 2024, hakuna kituo cha umeme wa maji nchini kilichoipita Kidatu. Sisi tuliokulia chini ya nyaya hizo tulisomea koroboi. Umeme tuliusikia ukivuma juu ya vichwa vyetu, unakwenda kuwaka kwa watu wengine.

Nilipohamia Dar es Salaam kutafuta maisha, nikapata chumba na sebule Kinondoni, nami nikawa mmoja wa hao watu wengine. Na kitu cha kwanza cha anasa nilichokiendesha kwa umeme wa kwetu kilikuwa tangi la samaki. La bahari. Maji niliyachota pwani kwa madumu, bahari ikiwa imejaa, maana yakikupwa hupata tope na takataka za jiji. Nikaweka mawe, nikaweka samaki wawili, nikasubiri miezi. Kisha nikaenda kununua anemoni.

Kama hujawahi kumwona, anemoni wa bahari ni mnyama anayejifanya ua. Ana mguu mmoja wa kunatia mwambani, mdomo mmoja anaolia na kutolea taka, na kuzunguka mdomo huo minyiri mingi iliyojaa sumu ya kuwasha. Ni ndugu wa matumbawe na wa konyeza. Hana jicho wala mfupa. Wavuvi wa pwani humkwepa asije akawasha ngozi, watalii hulipa fedha kwenda kumtazama.

Dukani walikuwapo wengi wa kahawia, rangi ya chai iliyokolea. Pembeni akawapo mmoja mweupe kama tui la nazi, ncha za minyiri zikiwa na zambarau kwa mbali. Chini ya taa ya buluu ya pale dukani alionekana kama kitu kilichoshuka kutoka mwezini. "Kaka, huyu ni wa nadra," nikaambiwa. "Hawa wa kahawia wako kibao." Bei yake ilikuwa mara mbili ya wale wengine. Nililipa bila kuomba punguzo, jambo ambalo mama yangu hakulisamehe.

Wiki ya tatu alikuwa amesinyaa hadi kufikia ngumi ya mtoto. Wiki ya tano niliamka sebule nzima inanuka. Nilikuwa nimenunua mgonjwa, tena kwa bei ya bibi harusi.

Mtu wa Kidatu hahitaji kueleweshwa sana kwa nini. Anemoni wa bahari za joto ana shamba la miwa ndani ya ngozi yake. Sisemi kwa mzaha. Katika nyama ya minyiri yake wanaishi mwani wa chembe moja, wadogo wasioonekana kwa macho, mamilioni kwa mamilioni, na kazi yao ni ileile ya miwa ya kwetu: kupokea mwanga na kuutumia kutengeneza sukari. Wana klorofili kama mmea wowote, lakini pia wana rangi nyingine ya chungwa inayovuna mwanga wa buluu na kijani unaofika chini ya maji, na mchanganyiko wa hizo mbili huwafanya wawe kahawia. Sehemu kubwa ya sukari wanayoitengeneza humwendea mwenye nyumba. Samaki wanaoishi kati ya minyiri nao hutoa mkojo na choo, na mwani huvitumia kama mbolea. Kwa hiyo samaki yule mdogo tunayedhani kaja kujificha tu, kwa upande mwingine ndiye bwana shamba.

Ule ukahawia, basi, ndio shamba lenyewe, nalo limestawi. Na ule weupe nilioulipia mara mbili ni shamba lililokwisha kung'olewa: mwani wametoka au wamefukuzwa, imebaki ngozi inayopenywa na mwanga, na mnyama anaishi kwa akiba. Anaweza kupona, akilishwa vipande vya dagaa au kamba na akapewa mwanga kidogo kidogo hadi mwani wajaze tena. Mimi sikujua. Nilimtundikia taa kali kuliko zote nilizoweza kununua, nikidhani namtendea wema.

Lakini mbona wapo anemoni wa kijani kinachong'aa, wa waridi, wa zambarau, wenye mguu mwekundu kama damu, na wote wazima wa afya? Hapo ndipo habari ya taa inaponoga.

Mbali na ukahawia wa mwani, anemoni hujitengenezea rangi zake mwenyewe, nazo ni protini. Ya kwanza ya jamii hiyo kujulikana haikutoka kwa anemoni, ilitoka kwa konyeza: mwaka 1962 Mjapani Osamu Shimomura, akifanya kazi Marekani, aliitenga protini yenye kung'aa kijani, na mwaka 2008 akashirikishwa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Martin Chalfie na Roger Tsien. Kwa miaka mingi wanasayansi waliitafuta ndugu yake yenye kung'aa nyekundu, wakaikosa. Ilipopatikana mwaka 1999, waliotangaza walikuwa watafiti wa Moscow, jiji lililo mbali na bahari kuliko hata Ifakara, waliochunguza viumbe wa kwenye matangi ya samaki. Miaka mitatu baadaye, timu iliyoongozwa na Jörg Wiedenmann nchini Ujerumani ikaeleza protini nyingine nyekundu iliyotolewa kwa anemoni aitwaye kitaalamu Entacmaea quadricolor. Huyo si mgeni kwetu. Yupo katika miamba ya pwani ya Afrika Mashariki, ncha za minyiri yake mara nyingi zimevimba kama puto dogo.

Kazi ya protini hizi ni kumeza mwanga wa rangi moja na kuutoa kwa rangi nyingine. Hiyo nyekundu ya Entacmaea hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 611, wekundu unaoelekea chungwa, hata mahali ambapo mwanga mwekundu wa jua haujafika. Nalo ni jambo la kustaajabisha ukikumbuka bahari inavyokula rangi. Nyekundu ndiyo ya kwanza kumezwa: mita tano za juu zinachukua sehemu kubwa, na kufika mita kumi karibu imekwisha. Samaki mwekundu wa mshipi, kule chini alikokuwa anaogelea, alikuwa wa kijivu, wekundu wake unaonekana akishaingia mashuani. Inayozama mbali kuliko zote ni buluu. Kwa hiyo anemoni anayeng'aa nyekundu au kijani katika kina hicho hang'ai kwa mwanga aliopewa jinsi ulivyo. Amepokea buluu na kuigeuza.

Zipo pia protini zisizong'aa, zile za waridi, zambarau na buluu. Hizi humeza mwanga tu, zikawa kama mwavuli kwa mwani walio chini yake. Mwanga wa buluu ukizidi, viumbe wengi wa jamii ya matumbawe huongeza miavuli hiyo. Kwa lugha ya mtaani: jua kali linawapaka rangi.

Sasa turudi dukani. Mama akinunua kitenge Kariakoo hutoka nacho mlangoni akakitazame juani, kwa sababu anajua taa ya duka ni mwongo wa kulipwa. Kwa anemoni mambo ni magumu zaidi, maana taa inafanya kazi mbili tofauti, na wafugaji wapya huzichanganya. Kazi ya kwanza ni kuonyesha. Mweke anemoni mmoja chini ya taa nyeupe yenye unjano, ni kahawia. Zima hiyo, washa ya buluu ya nanomita 450 hivi, mnyama yuleyule, dakika ileile, anawaka kijani kama taa ya msikitini. Hakuna kilichobadilika mwilini mwake. Zilizobadilika ni rangi zilizoamshwa. Anayekuuzia chini ya taa ya buluu tupu anakuuzia taa.

Kazi ya pili ni kujenga, nayo haionekani kwa dakika wala kwa siku. Ni ya wiki na miezi. Mwanga ukiwa hafifu, mwani hujilimbikizia klorofili ili wasikose hata chembe, na anemoni anakolea kahawia hadi kufunika rangi zake nyingine zote, huku akijitandaza na kurefusha minyiri kutafuta mwanga. Mwanga ukiongezwa taratibu, mwani hupunguza rangi, kahawia inafifia, na zile protini zake mwenyewe huongezeka na kuanza kuonekana: kijani, waridi, zambarau. Huo ndio uzuri wa halali. Mwanga ukizidi mpaka, au ukipandishwa ghafla, mwani hushindwa kuutumia, hugeuka kiwanda cha sumu ndani ya nyumba ya watu, na mwenye nyumba huwatoa. Anakuwa mweupe.

Kwa hiyo kati ya mnyama aliyepauka akapendeza na mnyama aliyepauka akafa kuna njia nyembamba. Na si kila anemoni ana zambarau ya kuonyesha. Rangi ambayo hakuzaliwa na uwezo wa kuitengeneza, taa haitampa, hata umtundikie jua lenyewe. Hili liwafikie wanaobadilisha taa kila mwezi wakimsubiri anemoni wa kahawia awe wa waridi.

Ukiwa na kifaa cha kupimia mwanga ambao mwani wanaweza kuutumia, jua la saa sita mchana juu ya maji husoma karibu 2,000 kwa kipimo cha mikromoli. Wafugaji wazoefu wengi humweka anemoni kati ya 150 na 300, saa nane hadi kumi kwa siku, na mgeni huanzia chini ya hapo, taa ikiwa imeinuliwa juu au imepunguzwa, kisha huongezewa kidogo kila wiki kwa mwezi mzima au zaidi. Anemoni ana mguu, na hilo ni bahati yetu: akiona mwanga haumfai huhama, akajibanza nyuma ya jiwe au akapanda juu. Mfugaji mwenye haraka humrudisha alikotoka. Mwenye akili humwacha na kurekebisha taa. Mimi wangu alikuwa amejificha nyuma ya jiwe siku ya pili tu, na nilimtoa kwa mikono yangu miwili.

Aina ya taa? Zamani zilikuwa balbu za metali-halidi za wati 250 au 400, ambazo hutoa mwanga safi sana lakini huchemsha maji kama jiko. Sebule ya Dar es Salaam mwezi Februari tayari ni nyuzi 30 na ushee, na tangi linatakiwa likae kwenye 25 hadi 27. Taa za LED zimeondoa sehemu kubwa ya adha hiyo, na mtu anaweza kuchagua buluu kiasi gani na nyeupe kiasi gani. Hasara yake ni hiyohiyo: mtu anaweza kuchagua. Wengi huzidisha buluu kwa ajili ya picha za simu.

Joto nimelitaja kwa makusudi, kwa sababu mwanga na joto ni mtu na shemeji yake. Kila mmoja peke yake anavumilika. Baharini tuliona matokeo yake mwaka 1998. Maji ya Bahari ya Hindi yalipanda joto kupita kawaida kati ya Machi na Mei, majira ambayo kaskazi imekwisha na kusi haijaja sawasawa, bahari imelala kama kioo na mwanga wa jua unapenya moja kwa moja hadi chini. Matumbawe yalipauka kuanzia Kenya hadi kusini mwa Tanzania, na mwamba wa Tutia, huko Mafia, ulikuwa miongoni mwa miamba iliyoumia vibaya. Katika majanga ya namna hiyo, upande wa tumbawe uliotazama juu hupauka kabla ya ule wa kivulini. Maji ni yaleyale, joto ni lilelile. Tofauti ni mwanga.

Anemoni nao hupauka hivyohivyo, na wanaoumia si wao tu. Katika kisiwa cha Moorea, kwenye Pasifiki, watafiti waliwafuatilia samaki wa anemoni wakati wa joto la 2016: wale ambao anemoni wao walipauka, uzazi wao ulishuka kwa asilimia 73 ukilinganisha na wale ambao nyumba zao zilibaki na rangi. Sisi tunao wa kwetu. Si yule wa filamu ya Nemo ya mwaka 2003, ambaye kwao ni mashariki ya mbali. Wa kwetu ni Amphiprion akallopisos, rangi ya chungwa iliyofifia, mwenye mstari mmoja mweupe mgongoni kama nywele zilizochanwa katikati, na Amphiprion allardi, mweusi wa kahawia mwenye mikanda miwili na mkia mweupe, ambaye haonekani popote duniani isipokuwa pwani hii, kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini.

Kuna jambo jingine lililonirudisha nyumbani kwa mawazo. Nilidhani Kidatu na anemoni wanaunganishwa na waya peke yake. Kumbe na maji. Ruaha Mkuu, ukishapita kwenye mashine zetu, hushuka bondeni, hukutana na Rufiji, na Rufiji humwaga delta yake ng'ambo tu ya Mafia. Tope la nyanda za juu, mchanga wa mabonde, vyote huenda kutua kwenye mlango wa bahari ulio kati ya bara na kisiwa. Upande wa magharibi wa Mafia maji yana ukungu, mwanga hauendi mbali. Upande wa Ghuba ya Chole, ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, maji ni maangavu na miamba imejaa. Maji ya mto, kwa namna yake, nayo ni swichi ya taa. Sasa yanasimama kwanza katika bwawa jipya la megawati 2,115, na tope lake kwa sehemu kubwa litabaki humo. Wanaoishi deltani, wanaotegemea tope hilo kwa mashamba ya mpunga na mikoko, wana sababu ya kulifuatilia jambo hili kwa karibu kuliko mimi na tangi langu.

Nirudi kwenye biashara. Baada ya anemoni wangu kufa nilianza kusoma, na nikakuta kuna wizi mbaya kuliko niliofanyiwa. Baadhi ya wauzaji, hasa katika biashara ya kimataifa, huchukua anemoni aliyekwisha kupauka na kumtia rangi kwa dawa: njano ya limau, waridi ya peremende, zambarau ya kitambaa. Dalili yake ni kwamba rangi ni moja mwili mzima, kuanzia mguu hadi mdomoni, kama nguo iliyochovywa. Anemoni wa kweli ana tofauti: mguu una rangi yake, ncha zina yake, na ndani ya minyiri, ukitazama vizuri, kuna ukahawia. Rangi ya kuchovya hutoka baada ya wiki chache, na chini yake hakuna shamba. Wengi wao hufa.

Pengine utaniuliza: waliofuga anemoni kabla ya umeme walifanyaje? Waliwafuga, na vizuri. Mwaka 1828, huko Scotland, Sir John Graham Dalyell alimwokota anemoni mwekundu mdogo pwani ya North Berwick akamweka kwenye chupa ya maji ya bahari. Dalyell alikufa, anemoni akarithiwa, akarithiwa tena, watu wakampa jina la Bibi, na akaishi hadi 1887. Miaka 59 kwenye chupa, katika nyumba za nchi ambayo wakati wa baridi jua linazama saa kumi jioni. Hakuhitaji taa kwa sababu wa jamii yake hana mwani mwilini. Wekundu wake ni wake mwenyewe, na chakula chake ni nyama tu. Wetu wa bahari ya joto amejifunga kwa jua, na ndiyo maana anayemtaka sebuleni lazima amnunulie jua.

Mimi jua hilo sinunui tena. Nimerudi Kidatu, nyumba yetu ina umeme sasa, na kwenye kona ya sebule kuna tangi la maji ya mtoni lenye perege watatu. Taa yake ni ya kawaida. Ila nikipita Dar es Salaam bado naingia kwenye yale maduka kutazama, na ombi langu kwako msomaji unayefikiria kununua ni hili dogo: kabla hujatoa fedha, mwambie muuzaji azime taa ya buluu na awashe nyeupe, kisha mtafute wa kahawia, mnono, aliyekamata jiwe kwa mguu wake. Yule mweupe mwache, hata akipunguzwa bei.